Dalali katuandikia "ripoti ya uthamini" ya nyumba ya marehemu mama, tumelipa laki tatu. Inatambulika kisheria?

binti_yombo:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo, na kama humu kuna mthamini au mwanasheria namwomba asipite kimya.

Mama yetu alifariki mwaka jana, ametuacha wanne. Nyumba iko Yombo Vituka, Dar es Salaam, ina leseni ya makazi (ile hati ya muda ya kumiliki kiwanja). Aliijenga kwa hela ya mama lishe. Tofali zilifyatuliwa palepale uani, mimi nikiwa darasa la pili kazi yangu ilikuwa kuzimwagilia maji kila nikitoka shule. Kaka yetu mkubwa ndiye anayeishi humo, na anataka abaki nayo, sisi watatu atulipe mafungu yetu. Hilo hatuna shida nalo. Shida ni bei.

Kaka alimleta dalali anayefahamiana naye. Alifika jioni, akakaa sebuleni kama dakika ishirini, akanywa soda, akaondoka. Futi hakushika. Vyumba viwili vya wapangaji kule uani hakuomba hata vifunguliwe. Baada ya siku tatu akaleta karatasi mbili zina muhuri umeandikwa MTHAMINI, thamani milioni 62. Laki tatu yake tulichanga wote wanne. Sasa nyumba ya jirani, ndogo kuliko yetu na haina vyumba vya uani, iliuzwa mwaka juzi milioni 80. Mume wangu alikuwa shahidi, mkataba nimeuona kwa macho yangu.

Kaka alipeleka hizo karatasi benki aombe mkopo wa kutulipa. Afisa mikopo akamrudishia, akamwambia wao wanapokea ripoti ya mthamini aliyesajiliwa tu, tena aliye kwenye orodha yao. Tulipompigia dalali akasema benki wana mambo yao, "ila kwa familia inatosha."

Je, inatosha? Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo, ada yake tunaitegemea hapa. Sitaki apunjwe, na sitaki kumwita kaka mwizi kama hajakosea.

mthamini_mstaafu:

Pole kwa msiba, binti yangu. Kazi hii nimeifanya tangu natoka chuo cha Ardhi pale Survey mpaka nilipostaafu, na jambo hili linaniuma kwa sababu nimeona ndugu wakiacha kuzikana kwa karatasi kama hiyo.

"Kwa familia inatosha" ni maneno yake, si ya sheria. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya mwaka 2016, ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na inamkataza asiyesajiliwa kujiita mthamini na kufanya kazi hiyo. Dalali akikwambia nyumba kama yenu hapo mtaani inauzwa shilingi ngapi, hajakosa kitu, na dalali mzuri wa Yombo anaweza kuzijua bei za Yombo kuliko mimi. Kosa linaanza anapoyaandika maoni yake, akayagongea muhuri wa MTHAMINI na kuwatoza kama uthamini.

Mthamini wa kweli angehakiki kwanza hiyo leseni ya makazi, ni ya jina la nani na bado hai au imekwisha. Angepima kiwanja na jengo, akafungua kila chumba, choo cha nje na hivyo vya wapangaji, akaangalia bati, nyufa, sakafu. Kisha anatafuta nyumba zilizouzwa karibuni maeneo hayo, kama hiyo ya jirani yenu, na anapiga hesabu nyingine ya gharama ya kuijenga upya akitoa uchakavu. Kodi ya wapangaji nayo inaingia. Mwisho anaweka jina lake, namba ya usajili, tarehe na kusudi la uthamini.

Hapo kwenye kusudi shikilia sana. Ripoti ya mkopo mara nyingi huwa na bei mbili: thamani ya soko, na bei ya kuuza kwa haraka endapo mkopaji atashindwa kulipa. Hii ya pili huwa chini. Mafungu ya mirathi yahesabiwe kwa thamani ya soko. Nimewahi kuona mtu akiwaonyesha wadogo zake ile ya chini tu.

mbongo_houston:

Pole dada. Mimi niko Texas, nafanya udalali wa nyumba kwa leseni, na swali lako huku lina historia ndefu. Vyama vya akiba na mikopo vilipoanguka miaka ya 1980, uthamini mbovu ukiwa sehemu ya sababu, ikatoka sheria ya Marekani nzima mwaka 1989, na majimbo yakaweka utaratibu wa kuwapa wathamini leseni. Madalali tukabaki na kitu kinaitwa maoni ya bei, yaani makadirio ya dalali kwamba nyumba inaweza kuuzwa kiasi gani. Kila jimbo lina mipaka yake. Kuna majimbo dalali anatoa maoni hayo kwa mteja anayetaka kuuza au kununua tu, na mengine yanamruhusu kulipwa na benki, hasa kwa nyumba ambazo mkopo wake umeshindikana. Hapa Texas napaswa kuandika kwenye karatasi yenyewe kwamba haya si uthamini. Na tangu sheria ya 2010, maoni ya dalali hayawezi kuwa msingi mkuu wa kukadiria thamani pale mtu anapokopa kununua nyumba ya kuishi.

Mimi mwenyewe naandika maoni hayo na nalipwa. Ila muhuri wa mthamini nisingethubutu.

dalali_segerea:

Mimi ni dalali, mwaka wa kumi na moja huu. Huyo katukosea na sisi. Leseni niliyonayo ni ya biashara, hakuna aliyenifundisha kupima jengo. Tena akiuza nyumba analipwa kwa asilimia, na hapa anafahamiana na mnunuzi. Hata bei yake ingekuwa sahihi, nani angemwamini? Dai laki tatu yenu, na karatasi msimrudishie, ndiyo ushahidi.

binti_yombo:

Nawashukuru sana, nimesoma nikiwa nalia. Mzee, je, nikisema twende kwa mthamini, kaka hataona namshuku?

mthamini_mstaafu:

Mwambie benki imeshamtaka ripoti, kwa hiyo lazima itafutwe, na nyinyi mnaomba iwe ya wote. Amuulize afisa mikopo orodha yao, mchague mmoja pamoja. Barua ya kumpa kazi msaini wanne, gharama mchange wanne, nakala ziwe nne. Mwombeni aonyeshe thamani ya soko ya leo na aeleze kwamba ni kwa mkopo na kwa kugawana mirathi. Kabla ya kulipa, namba yake ya usajili ihakikiwe Bodi. Siku akija, wewe uwepo, na funguo za vyumba vya uani uwe nazo.

binti_yombo:

Nimeongea na kaka leo asubuhi. Amekubali, na amesema hata yeye hakujua dalali haruhusiwi. Jumatatu tunaenda benki wote wawili. Nakala ya mkataba wa jirani mume wangu ameipata, nitambebea mthamini.