Kwa nini Sanduku la Agano halimo katika orodha ya vyombo vilivyotekwa na Babeli?

Msomaji wa Jioni ameuliza:

Ndugu zangu, salamu. Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kimefika mwishoni mwa 2 Wafalme, na nimepewa kazi ya kueleza sura ya 25, pale Wakaldayo, yaani Wababeli, wanapoiteketeza nyumba ya Bwana mjini Yerusalemu. Nilichukua kalamu nikaandika kimoja kimoja vyombo vilivyochukuliwa: nguzo mbili za shaba, bahari ya shaba, masufuria, majembe, makasi, miiko, vyetezo na mabakuli. Mwandishi ni mwangalifu kiasi cha kutupa hata kimo cha nguzo, dhiraa 18. Nikafungua Yeremia 52 inayorudia habari hiyo hiyo, nikakuta kwamba kuna mtu aliyehesabu makomamanga ya urembo kwenye taji la nguzo na kuona kwamba 96 yalikuwa pembeni, na yote pamoja yalikuwa 100.

Sasa, mtu anayehesabu makomamanga anawezaje kulisahau Sanduku la Agano, lile lililotunza mbao za Amri Kumi? Hicho ndicho kitu kilichofanya Patakatifu pa Patakatifu paitwe hivyo. Halimo katika vilivyotekwa, wala Ezra 1, inayotaja vyombo 5,400 vilivyorudishwa kutoka Babeli, haisemi lolote juu yake. Je, lilikuwa limekwisha kutoweka kabla ya mwaka 586 KK, au kuna namna nyingine ya kuusoma ukimya huu? Naomba tusiingize habari za filamu.

Mtunza Stoo Mstaafu amejibu:

Ndugu Msomaji, mimi si mwanatheolojia. Nilitunza stoo kwa miaka 28, na orodha za makabidhiano ndizo zilizonipa mvi. Kitu kisipokuwemo katika orodha, usikimbilie kusema kimeibwa siku ile orodha ilipoandikwa. Tafuta kwanza orodha iliyotangulia. Kwa hiyo rudi sura moja nyuma. Katika 2 Wafalme 24:13, wakati mfalme Yehoyakini anapojisalimisha mwaka 597 KK, Nebukadreza anazitoa hazina zote za nyumba ya Bwana na kuvikatakata vyombo vya dhahabu. Orodha unayoisoma katika sura ya 25 ni ya mabaki ya miaka kumi na moja baadaye, na ndiyo maana karibu yote ni shaba. Unatafuta dhahabu katika rundo ambalo dhahabu yake ilikwisha kuondolewa.

Sanduku lenyewe, kwa vipimo vya Kutoka 25, lilikuwa na urefu wa dhiraa mbili na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu. Ukihesabu dhiraa kama sentimita 45, unapata kitu cha urefu wa mita moja na kidogo, cha mti wa mshita, kilichofunikwa dhahabu ndani na nje. Askari mwenye shoka haoni agano hapo, anaona dhahabu iliyopigiliwa juu ya mbao. Maoni yangu, yasiyopendeza, ni kwamba dhahabu ilibanduliwa na mbao zikaishia motoni.

Hata hivyo sikatai kwamba lingeweza kuondoka mapema zaidi. Farao Shishaki alizichukua hazina za hekalu katika mwaka wa tano wa Rehoboamu, na Yoashi mfalme wa Israeli naye alizikomba siku za Amazia. Lakini hoja hizo mbili zinakwama kwenye 2 Mambo ya Nyakati 35:3, ambapo Yosia mfalme wa Yuda, karibu mwaka 622 KK, anawaambia Walawi waliweke Sanduku katika nyumba aliyoijenga Sulemani, kwa kuwa halitakuwa tena mzigo mabegani mwao. Agizo lenyewe ni la ajabu. Kama lilikuwa ndani tangu siku za Sulemani, nani alikuwa amelitoa? Wengi humshuku mfalme Manase, babu yake Yosia, aliyeingiza sanamu ya Ashera ndani ya hekalu.

Mwanafunzi wa Lugha amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya sura ya 24 imenipendeza, ila naona inaacha kitu kimoja kando, yaani maombolezo. Wafilisti walipoliteka Sanduku siku za kuhani Eli, mzee yule alianguka kutoka kitini akafa kwa habari hiyo, na mkwewe akamwita mtoto wake Ikabodi, akisema utukufu umeondoka katika Israeli. Je, lichomwe kama kuni, na asitokee hata mmoja wa kulia? Pengine kilio kipo lakini kimefichwa: Maombolezo 2:1 inasema Bwana hakukikumbuka kiti cha kuwekea miguu yake, na katika 1 Mambo ya Nyakati 28:2 Daudi analitaja Sanduku na kiti hicho pamoja. Upande mwingine, Yeremia 3:16 inatabiri siku ambazo watu hawatalitaja, hawatalikumbuka, wala halitafanywa tena. Maneno hayo yananisikikia kama faraja kwa watu ambao tayari wameshalikosa.

Wayahudi wenyewe hawakukubaliana. Katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, wako wanaosema lilipelekwa Babeli, na wako wanaosema Yosia alilificha chini kwa kuona hatari inayokuja. Kwa hao wa pili, agizo ulilolitaja ndilo agizo la kulificha. Kitabu cha 2 Makabayo, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinasema Yeremia alilificha katika pango la mlima aliopanda Musa kabla ya kufa, kisha akawakemea waliojaribu kuiwekea alama njia ya kwenda huko.

Simulizi ninayoipenda zaidi imo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ulio msingi wa Talmudi, sehemu iitwayo Shekalim. Kuhani mmoja alikuwa katika shughuli zake hekaluni, karibu na ghala la kuni, akaona jiwe moja la sakafu halifanani na mengine. Akaenda kumweleza mwenzake, na kabla hajamaliza sentensi roho yake ikatoka. Hapo wakajua kwa hakika kwamba Sanduku limezikwa mahali pale. Simulizi hiyo haituthibitishii chochote, lakini inaonyesha kwamba enzi za hekalu la pili, lililojengwa baada ya uhamisho wa Babeli, watu waliabudu juu ya sakafu waliyoishuku. Na chumba cha ndani kilikuwa kitupu kweli: Mishna inasema palikuwa na jiwe tu, lililoinuka vidole vitatu kutoka ardhini, na Pompeyo Mrumi alipoingia kwa nguvu mwaka 63 KK hakukuta sanamu yoyote. Ndiyo maana Tao la Tito kule Roma, lenye picha za nyara za hekalu hilo, linaonyesha kinara cha taa, meza na tarumbeta, bila Sanduku. Waroma hawakuwa na la kuteka.

Hamu ya kuifukua sakafu hiyo haijaisha. Kati ya 1909 na 1911 Mwingereza Montagu Parker alichimba Yerusalemu akiongozwa na Mfini aliyedai kupata maandishi ya siri katika Ezekieli; watu wake walipogunduliwa usiku wakichimba ndani ya eneo la Haram al-Sharif, uwanja mtakatifu wa Waislamu penye mlima wa hekalu, mji ulichafuka nao wakakimbilia jahazi lao Jaffa.

Msafiri wa Unguja amejibu:

Assalamu alaikum. Waislamu wenzangu watakumbuka kwamba kitu hiki kimo pia katika Sura ya al-Baqara, aya ya 248, kama dalili ya ufalme wa Taluti, ambaye Biblia humwita Sauli, ndani yake mna utulivu kutoka kwa Mola na masalio ya watu wa Musa na Harun. Neno la Kiarabu ni *tabut*, na Wahabeshi husema *tabot*.

Nimefanya kazi Addis Ababa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba niseme la huko. Kitabu cha Kebra Nagast, cha karne ya 14, kinasimulia kwamba Menelik, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba, aliondoka Yerusalemu pamoja na wana wa wakuu waliolibeba Sanduku kwa siri. Hadi leo Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linasema lipo Aksum, penye kanisa la Maryam Tsion, chini ya mtawa mmoja asiyemruhusu mtu kuliona. Simulizi hii ingelijibu swali la Ndugu Msomaji kwa mkato, kwa kuwa Wababeli wasingekuta kitu. Lakini basi Yosia aliwaambia Walawi waweke nini?

Nilichokiona kwa macho yangu ni Timkat, sikukuu ya Januari. Kila kanisa lina tabot yake, yaani kibao kitakatifu kinachowakilisha Sanduku, na padri huitoa ikiwa kichwani, imefungwa kwa vitambaa vya hariri na nyuzi za dhahabu, miavuli ikimfunika. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nilichoona ni kitambaa. Mama aliyesimama kando yangu hakuinua macho kabisa, na nilipomuuliza baadaye kama hatamani kuona kilichomo, alinitazama kama nimemwuliza umri wa mama yake.

Msomaji wa Jioni amejibu:

Nawashukuru sana. Nimesoma tena kutokana na majibu yenu na nimekwama mahali papya. 1 Wafalme 8:8 inasema miti ya kulibebea Sanduku ilikuwa mirefu, ncha zake zikaonekana kutoka patakatifu, na kwamba iko huko hata leo. Sawa, huenda aliyeandika mara ya kwanza aliiona. Lakini 2 Mambo ya Nyakati 5:9 inarudia neno hilo hilo, hata leo, na kitabu hicho kinamalizika kwa amri ya Koreshi mfalme wa Uajemi, baada ya hekalu kuungua. Ikiwa mwandishi huyo aliandika hivyo wakati hakuna miti wala nyumba, tumwamini kwa kiasi gani anapotuambia habari ya Yosia?

Mtunza Stoo Mstaafu amejibu:

Hapo umenikamata, maana nguzo ya hoja yangu ilikuwa Yosia. Makarani wa namna hiyo nimefanya nao kazi. Wananakili leja ya zamani neno kwa neno, kwa heshima ya aliyewatangulia, bila kwenda kuchungulia stoo.