Kikundi cha WhatsApp cha Majirani Chuno, Mtwara: Jumanne baada ya Isha

[20:52] Bi Somoe: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

[20:55] Mama Juma: Shikamoo bibi. Bando langu limekaribia kukata, sauti haifunguki. Aliyesikiliza atuandikie tafadhali.

[21:03] Mwalimu Rehema: Nimeisikiliza mara mbili. Naandika kama alivyosema mwenyewe.

"Wanangu, juzi jioni nilikuwa nachoma korosho uani. Akaja mtoto mmoja wa mtaa huu, katoka shule, akakaa ananisaidia. Kimya. Mara akaniuliza: bibi, mtu wa kwenye simu akisema anakujua kwenu, anaweza kufika kweli? Korosho ziliungua, nikaziacha ziungue. Kumbe ana wiki tatu hapati usingizi. Alikutana na mtu kwenye mchezo wa simu, akajiita msichana wa miaka 14 wa Masasi. Akawa anamtumia zawadi za humo mchezoni. Wakahamia WhatsApp. Akaombwa picha, akatuma. Basi hapo msichana hayupo tena, kuna mtu mzima: tuma nyingine, au tuma elfu 50, la sivyo hii inakwenda kwa mama yako na walimu wako. Nimekaa na wazazi wake, wameniruhusu niseme. Jina msiniulize."

[21:05] Mama Juma: Ya Rabi.

[21:05] Baba Issa: Innalillahi. Mtoto wa nani huyu?

[21:06] Mwalimu Rehema: Baba Issa, kaka yangu, bibi ameomba.

[21:07] Baba Issa: Samahani bibi. Ila mimi nasema wazi, dawa ni kunyang'anya simu. Wangu nikimkuta na mambo hayo bakora zitalia, na simu naitupa baharini.

[21:10] Fundi Hamisi: Shikamooni wakubwa zangu. Baba Issa, kwa heshima zote, huyo mtoto alikaa wiki tatu na mzigo huo kwa sababu hiyohiyo. Alijua akisema atapigwa na simu itakwenda. Na yule mtu anajua hivyo, ndiyo silaha yake. Picha ni kitu kidogo kwake, kinachomfanyia kazi ni hofu ya mtoto kwa baba yake.

[21:11] Fundi Hamisi: Pale kibandani kwangu sokoni watoto huniletea simu nifute meseji kabla mzazi hajaona. Wananilipa kwa hela ya kula shuleni. Siku hizi sifuti, namwuliza kwanza kuna nini.

[21:14] Baba Issa: Sikuwa nimeliona hivyo.

[21:15] Mama Juma: Sasa wazazi wamefanyaje? Maana mimi ningetuma hiyo elfu 50 yaishe.

[21:19] Mwalimu Rehema: Haiishi dada. Ukilipa umemwonyesha kwamba unalipa, kesho anarudi na laki. Mimi niliwasindikiza hao wazazi kwa hiyo nasema nilichokiona. Hawakulipa. Hawakumjibu kwa matusi, ingawa baba alitaka. Hawakufuta kitu. Tulipiga skrinishoti za mazungumzo yote, namba ikionekana, tarehe na saa zikionekana, na jina analotumia kule mchezoni. Baada ya hapo ndipo wakamzuia kila mahali. Wengi wetu tukiona uchafu kwenye simu ya mtoto tunafuta kwa hasira, tukifika polisi tunabaki na maneno matupu.

[21:21] Mama Juma: Polisi ndiyo naogopa. Kesho mji mzima unajua.

[21:24] Mwalimu Rehema: Ukifika uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Liliwekwa ili mtoto asihojiwe kaunta mbele za watu. Na kabla hata ya kutoka nyumbani ipo 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikati salio. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, si lazima mzazi. Wazazi hawa walipiga wakiwa wamekaa kitandani na mtoto katikati, sauti imefunguliwa wote wasikie. Mama yake aliniambia ndiyo mara ya kwanza katika wiki tatu alimwona mtoto anavuta pumzi.

[21:26] Baba Issa: Basi wekeni hapa namba ya huyo shetani na hiyo picha tuirushe kila kikundi Mtwara nzima mpaka Lindi, watu wamtambue.

[21:27] Mwenyekiti wa Mtaa: Hapana. Nimekaa nasoma kimya lakini hapo naingia.

[21:30] Mwenyekiti wa Mtaa: Picha ya mtoto ya namna hiyo haiingii kwenye kikundi hiki wala chochote, hata kwa nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, haikuuliza ulikuwa na hasira na nani. Kifungo ni kisichopungua miaka 7, au faini isiyopungua milioni 50, au vyote. Na zaidi ya sheria, ukiirusha umemfanyia yule mtu kazi yake bure. Alimtisha mtoto kwamba itasambaa, nyinyi mkaisambaza.

[21:31] Baba Issa: Nimekuelewa Mwenyekiti. Hasira tu, nina binti wa umri huo.

[21:33] Fundi Hamisi: Kuhusu hiyo picha, ipo huduma inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachohusika na watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Ni bure. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama yake, mfano wa alama ya kidole, halafu mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok zikiwemo, inaitumia kuitambua na kuiondoa picha ikipandishwa. Ni kwa picha aliyopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Tulifanya pamoja na mama yake, mimi nikiwa nimegeuka upande wa pili, yeye ndiye alichagua picha.

[21:34] Mama Juma: Allah akuzidishie Hamisi. Huko kugeuka kwako.

[21:40] Bi Somoe: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:37)

[21:46] Mwalimu Rehema: Bibi anasema: "Zamani kwetu binti alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa wa kumfunda. Mama ni mama, yapo mambo humwambii, unaona haya, au unamwogopa. Unamwambia somo, na somo anajua la kumfikishia mama na la kukaa nalo. Leo unyago tunacheza siku chache za likizo, ngoma zikiisha kila mtu kwake. Mtoto akibaki na swali anaiuliza simu. Huyu kaja kwangu kwa sababu ya korosho tu. Nisingekuwa nachoma korosho siku ile angemwambia nani? Nataka kila nyumba kesho imwulize mtoto: ukipata jambo ambalo huwezi kuniambia mimi, utamwambia nani? Akutajie jina. Na mkubwa huyo naye aambiwe, ajue ana kazi. Wavulana pia, msidhani ni wasichana peke yao."

[21:48] Baba Issa: 🙏🏾 Wangu ningependa aje kwako bibi.

[21:48] Bi Somoe: Aje. Mwambie wewe mwenyewe simtandiki

[21:52] Mama Juma: Simu ya Juma ni ile yangu ya zamani. Hamisi, nikuletee uifunge huko kusikofaa?

[21:58] Fundi Hamisi: Lete mama, lakini njoo na Juma mwenyewe. Nikifunga nyuma ya mgongo wake atafungua kwa rafiki. Kwenye WhatsApp tutaweka kwamba picha yake na kumwingiza kwenye vikundi ni kwa watu aliowahifadhi tu, na simu za namba ngeni zisilie. Tutaweka Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kwenye simu yako na ya Juma. Programu mpya akitaka kuipakua ombi linakuja kwako kwanza, na usiku saa utakayopanga simu yake inajifunga.

[22:01] Fundi Hamisi: Ila kuna kimoja kinanisumbua kuliko vyote, mwaka wa kuzaliwa. TikTok mwenye miaka 13 mpaka 15 anafungiwa meseji za moja kwa moja na akaunti yake inaanza ikiwa ya faragha. Nzuri. Lakini karibu kila mtoto anayekuja kibandani kaandika kazaliwa 1999 au 2000, wengine waliandikiwa na kaka zao. Mtandao unamhesabu mtu mzima, ulinzi wote unaondoka. Leo usiku fungueni simu za watoto mtazame mwaka tu.

[22:03] Mama Juma: Nimetazama. Juma kazaliwa 1998. Kamzidi umri mdogo wangu wa mwisho.

[22:06] Mwenyekiti wa Mtaa: Mwalimu, kitu kimoja sijakielewa. Yule mtu alijuaje walimu wake? Mtoto alimwambia?

[22:09] Mwalimu Rehema: Mtoto anaapa hakumwambia shule. Na mimi namwamini.

[22:12] Fundi Hamisi: Mwenyekiti, gusa picha ya kikundi hiki uikuze.

[22:15] Mwenyekiti wa Mtaa: Mahafali ya darasa la saba.

[22:16] Fundi Hamisi: Watoto 11, sare, beji ya shule inasomeka, na jina la kikundi lina jina la mtaa. Kiungo cha kujiunga tulikirusha ovyo wakati wa michango ya ule msiba wa mwaka jana, kila mtu akakipeleka kikundi kingine. Tuko 163 humu. Nimehesabu namba 9 ambazo sizijui, hazijawahi hata kusalimia. Sisemi yule ni mmoja wao. Nasema akitaka kujua watoto wetu wanasoma wapi, tumemwekea mlangoni.

[22:17] Mama Juma: Na mimi stetasi yangu ya jana ni Juma na sare, nimeandika na darasa lake. Naifuta sasa hivi.

[22:19] Mwenyekiti wa Mtaa: Ndugu zangu, mwenye namba ambayo haijahifadhiwa na wengi ajitambulishe kesho kabla ya Adhuhuri, jina na nyumba. Asiyejitambulisha nitamtoa, asichukie, atarudi akija kunisalimia nyumbani. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane barazani kwa Bi Somoe, kila mtu na mtoto wake na simu yake. Hamisi utakuwepo?

[22:19] Fundi Hamisi: Nitafunga kibanda mapema.

[22:20] Baba Issa: Nakuja na Issa na dada yake.

Mwenyekiti wa Mtaa ameweka upya kiungo cha kujiunga na kikundi

Mwenyekiti wa Mtaa amebadilisha picha ya kikundi

[22:24] Bi Somoe: Mbona sasa naona mkorosho tu

[22:25] Mwenyekiti wa Mtaa: Ndiyo bibi. Ni ule wa uani kwako.