Mwamba tumeufunga, majirani wanaingia usiku. Tufanyeje?

Katibu_Kisiwani: Wakuu salaam. Niko Kilwa, huku visiwani, katibu wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) ya kijiji. Tulikaa kikao tukakubaliana kufunga mwamba mmoja wa pweza miezi mitatu. Kina mama ndio waliokaza zaidi, maana wao wanachokoa kwa miguu maji yakikupwa, na siku hizi wanarudi na vipweza vya kiganja. Maboya tumeweka, imamu katangaza msikitini.

Bamvua lililopita (siku za maji kupwa sana) doria wakakuta mtumbwi wa kijiji jirani, watu wanne na tochi, ndoo mbili za pweza. Vijana wakawanyang'anya ndoo na mikuki. Pweza wakaliwa (nisiwafiche). Jana mwenyekiti wao kaja juu: bahari haina ua, sisi ni waporaji. Tuna muhtasari wa kikao wenye saini, je unatosha? Mikuki iko uvunguni kwangu, usingizi sipati.

Jarife: Choma hiyo mikuki, wakirudi toboa na mtumbwi. Tumechoka kulea watu.

MzeeWaForodhani: Katibu, usimsikilize huyo, atakupeleka ndani. Nilikuwa afisa uvuvi miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inawatambua BMU, lakini muhtasari si sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji iandike rasimu, ipite mkutano wa kijiji, halafu halmashauri ya wilaya iidhinishe. Kabla ya hapo faini yenu haisimami mahakamani, na jirani yenu ana haki ya kuwaita wanyang'anyi.

Ila nakuuliza: wale pweza mliwapima? Kanuni zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, popote, mwamba ufungwe usifungwe. Kesi mlikuwa nayo mkononi, mkaipika na nazi.

Jarife: 😂😂 ushahidi wa supu

BintiChole: Mdogo wangu, sisi Mafia tuna Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ina sheria yake na askari wake. Nyie mko nje ya hifadhi, mnalindana wenyewe, kwa hiyo jirani mkikosana naye hamna wa kumwita usiku. Mwiteni mezani. Pweza anaishi mwaka mmoja na kidogo tu na anakua haraka mno, ndiyo maana miezi mitatu faida inaonekana kwa macho. Andavadoaka, Madagaska, walifunga mwaka 2004. Vijiji vya karibu vilipoona mavuno vikafunga miamba yao.

Na pangeni mapema nani anaingia siku ya kufungua. Hapo ndipo penye fitina: walinzi wengine, wavunaji wengine. Wapeni majirani siku yao, nao watoe watu wa doria.

Katibu_Kisiwani: Ahsanteni, shikamoo Mzee. Mikuki nimeirudisha leo kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wao kasaini, hakunitazama usoni, ila kakubali kikao cha pamoja Ijumaa baada ya swala. Rasimu tunaianza kesho. Sasa, mizani ya kuning'iniza isiyoliwa na chumvi inapatikana wapi kwa bei ya kijijini?

MzeeWaForodhani: Marahaba. Uliza wanunuzi wa pweza hapo Kilwa Masoko, wao hawakosi. Na nunueni mbili.