Mjadala: Diwani akishinda ubunge, aendelee kugombea udiwani?

Wadau, kila tukimjadili mwanasiasa aliyeanzia chini tunasifia safari yake: jana diwani, leo mbunge. Hatuulizi kile kiti cha udiwani kimebaki na nani, au kama mwenyewe amekiachia. Naomba tulijadili hilo kwa mfano wa mbali kidogo, kisha mnipinge.

Kaunti ya Dane, jimboni Wisconsin, Marekani, ndiyo yenye mji wa Madison. Baraza lake lina madiwani 37, kila mmoja akiwakilisha watu kama 15,000, na uchaguzi wake hufanyika Aprili kila baada ya miaka 2, bila tiketi ya chama. Juu yake lipo bunge la jimbo. Baraza lake la chini lina wabunge 99, kila mmoja na watu karibu 60,000. Tammy Baldwin aliingia baraza la kaunti mwaka 1986, bunge la jimbo 1993, kisha bunge la taifa: baraza la chini la Kongresi 1999 na la juu, Seneti, 2013. Mark Pocan naye alianzia baraza lile lile. Mwaka 1998 akashinda kiti cha bunge la jimbo alichokiachia Baldwin, na 2012 akashinda kile cha Kongresi, Baldwin alipokwenda Seneti.

Yupo pia Shelia Stubbs, diwani tangu 2006. Agosti 2018 alikuwa akigonga mlango mmoja baada ya mwingine mjini Madison kuomba kura za ubunge wa jimbo. Mama yake na binti yake wa miaka 8 walikuwa wakimsubiri ndani ya gari. Mtu akawapigia polisi kwamba kuna gari la kutilia shaka, huenda linasubiri dawa za kulevya. Polisi akaja, na Stubbs akalazimika kujieleza barabarani, binti yake akiangalia. Miaka 12 ya udiwani katika kaunti hiyo hiyo, na bado kuna aliyemwona mgeni. Alishinda, akawa Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Dane katika bunge la jimbo. Mtu aliyepita huko simnyimi heshima hata chembe.

Lakini Aprili 2020, akiwa tayari mbunge, aligombea tena udiwani, na akabaki na viti vyote viwili hadi 2022. Sheria ya Wisconsin haimkatazi. Hapo ndipo tunapoachana.

Wanaotetea husema mwenye viti viwili anapeleka kilio cha chini moja kwa moja juu. Nimelipima hilo, halinitoshi. Bunge la jimbo ndilo linaloziwekea kaunti ukomo wa kodi ya majengo na ardhi, na ndilo linalozitwisha huduma za ustawi wa jamii. Baraza la kaunti likibanwa, la kwanza kulilalamikia ni bunge hilo hilo. Aliyekaa pande zote mbili atamlalamikia nani?

Halafu kuna muda. Kwetu Tanzania mbunge wa jimbo la uchaguzi ni mjumbe wa baraza la madiwani kwa sheria, hata kugombea hahitaji. Nimehudhuria vikao vya baraza wilayani kwetu mara tatu. Mara zote tatu pale mbele palikuwa na kibao chenye jina la mheshimiwa na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Kikao kimoja kilikuwa cha zahanati ambayo haijaezekwa, na diwani wa kata hiyo alisimama peke yake kuitetea, mafaili kwapani. Sisemi mheshimiwa alikuwa mvivu, maana bunge la bajeti lilikuwa linaendelea Dodoma. Mtu mmoja hakai mahali pawili. Kenya wamelimaliza hili kwenye katiba ya 2010: mjumbe wa bunge la kaunti hawezi kuwa pia mbunge wa taifa.

Sitaki pia kiti kiachwe siku ya kuapishwa. Kiti cha udiwani kikibaki wazi katikati ya muhula huko Wisconsin, mwenyekiti wa baraza ndiye anayeteua mtu na baraza linamthibitisha, kwa hiyo wananchi wanapewa diwani wasiyemchagua. Baldwin alishinda ubunge Novemba 1992, akamaliza muhula wake wa kaunti 1994, akatoka. Miezi kama 15 ya viti viwili naivumilia. Kurudi kwa wapiga kura kuomba tena kile cha chini ndiko nisikokubali, kwa sababu kila muhula anaoongeza, kuna kijana wa kata ile anayesubiri nafasi kama aliyoipata Pocan.

Wanaosema wapiga kura wenyewe ndio waamue, nawasikia. Nijibuni hili tu: ni nani anayethubutu kusimama kugombea udiwani dhidi ya mbunge aliyeko madarakani?