Mafundi mnaokata pingili za cheni ya buldoza na kudai mmegeuza bushi, huu ni wizi

Wakuu, naliweka hili hadharani kwa sababu najua wengi yamewakuta mkanyamaza.

Nina buldoza ya Caterpillar D7G ya zamani inayochimba malambo na kung'oa visiki huku Usukumani. Mashine ya umri huo inakula cheni, hilo sijawahi kulilalamikia. Ardhi yetu yenyewe ni shughuli: masika udongo mweusi wa mbuga unajaa kwenye rola, yale magurudumu madogo ya chuma yanayopita juu ya cheni, mpaka zinagoma kuzunguka, kiangazi mchanga wa vilimani unasaga chuma kama tupa.

Cheni zilipoanza kulegea nikapeleka mtambo kwenye gereji moja mjini. Tulikubaliana kazi moja tu: kugeuza pini na bushi. Kwa wasioijua, pini ndiyo inayounga pingili na pingili, na bushi ni bomba la chuma linaloifunika pini. Cheni zangu ni zile za pini kavu, zisizo na oili ndani. Bushi inalika upande mmoja, ule unaosukumana na sproketi, gurudumu la meno linaloendesha cheni, na pini nayo inalika upande mmoja ndani ya bushi, ndiyo maana cheni inarefuka. Ukiwahi kabla bushi haijapasuka, unazitoa zote kwa presi, mashine ya kusukumia kwa nguvu ya haidroli, unazigeuza nusu mzunguko, upande mzima unaanza kazi. Pingili ya D7G ikiwa mpya ni milimita 216 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pingili nne ni 864. Unaivuta cheni ikaze, unaweka futi, unaona imerefuka kiasi gani. Hakuna siri hapo.

Mtambo umerudi umepigwa rangi nyeusi chini kote, unang'aa. "Bosi, hiyo sasa ni cheni mpya," ndivyo nilivyoambiwa. Opareta kauingiza kazini, ukaanza kugonga kila jino la sproketi linaposhika. Nikachukua brashi ya waya na dizeli, nikasugua rangi kwenye bushi. Mfereji wa zamani uko palepale, upande uleule wa sproketi! Nikasugua nyingine, na nyingine. Hakuna hata moja iliyogeuzwa. Kuhesabu shuu, vile vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi, kila upande imepungua moja.

Yaani walikata pingili moja kulia, moja kushoto, wakafunga, wakachukua hela ya kazi ya presi.

Kukata pingili hakuponyi chochote! Cheni inakuwa fupi, lakini kila pingili iliyobaki ina urefu uleule ulioharibika, na nafasi ya meno ya sproketi haijabadilika. Bushi haitui tena kwenye bonde la jino, inapanda mgongoni mwake. Jino linachongoka, bushi inapasuka, na bushi ikishapasuka hakuna tena cha kugeuza. Hela ambayo ingenipa maisha ya pili ya cheni imegeuka kuwa hela ya kuiua haraka.

Na hiyo pini ya kuungia waliitoaje? Kwa moto wa gesi na nyundo. Alama za kuungua ziko chini ya rangi. Tundu la pingili linashika pini kwa kubana tu. Ukilichoma moto, ugumu wa chuma umekwenda, pini inaanza kutembea yenyewe kutoka nje. Walilijua hilo, maana wamechomelea vichwa vya pini ili isitoke. Siku ya kuifungua porini nitafanyaje?

Halafu wamejaza grisi kwenye silinda ya kukazia mpaka cheni imenyooka juu, huku tope kavu limebaki kwenye rola. Cheni ya mashine hizi lazima ilale kidogo kati ya aidla, gurudumu la mbele la cheni, na rola ya juu, inchi moja na nusu hivi, kitabu cha mashine yako kitakuambia kamili. Ikikazwa kupita hapo, pini, bushi na aidla vinalika kwa kasi na injini inapoteza nguvu kuburuta cheni yake yenyewe.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni hiki: nilipowaita waje walegeze, kijana wao aliinamisha uso juu ya vali ya grisi huku anaifungua kwa spana. Hakuna aliyemfundisha kwamba ile grisi ina presha ya kupenya ngozi. Nilimvuta shati. Bosi wake alikuwa kwenye simu.

Jibu lao? "Mashine yenyewe kuukuu, ulitegemea nini?" Nilitegemea kazi niliyoilipia! Uzee wa mashine ndio sababu ya kupima kwa makini, kwa sababu vyuma vyake havina tena nafasi ya kuchezewa.

Nataka hela yangu ya presi na pingili zangu mbili mlizobaki nazo. Na ninyi wadau, mwenye presi ya kubebeka Kanda ya Ziwa, inayotoa pini bila moto, anicheki inbox. Tutapima pingili nne pamoja kabla ya kufungua, tutapima tena baada ya kufunga, ndipo hela itoke mfukoni.