Kioo cha mbele kwenye mvua: waipa mpya, dawa ya kioo au AC?

Msafiri_IST
Wakuu, masika ndiyo hii. Gari ni IST, njia ni Dar–Mbeya, mara nyingine usiku. Mvua ikikolea, waipa inaacha michirizi upande wa dereva na kioo kinajaa ukungu. Dukani kuna waipa bapa zisizo na fremu, dawa ya kupaka kioo ili maji yateleze, na dawa ya kuzuia ukungu. Hela ya vyote kwa mpigo haipo. Kipi kitangulie?

Fundi_Gereji
Hakuna hata kimoja mpaka ujue tatizo liko wapi. Osha kioo kwa maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, suuza vizuri, kisha mwagia maji safi. Yakitandaa sawasawa, kioo hakina shida. Yakijigawa vipande vipande, au usiku taa za mbele yako zikitoa rangi rangi, kuna utando wa mafuta: moshi wa dizeli wa malori, nta ya kuoshea gari, vumbi la lami. Juu ya utando huo hata waipa ya bei mbaya itachafua tu.

Utando huo sabuni haiutoi. Tafuta polishi ya kioo, ile yenye oksaidi ya seriamu (unga laini wa kung'arishia kioo). Kioo kiwe na unyevu na kiwe kivulini, sugua kwa sifongo kwa miduara midogo mpaka polishi itandae bila kujigawa. Suuza kabla haijakauka. Pembe za chini karibu na waipa ndizo watu huzisahau.

Mama_Barabara
Naongezea kwenye waipa, maana michirizi inasema yenyewe. Mchirizi mwembamba unaorudi palepale: raba imechanika au ina mchanga, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kwanza. Eneo pana lisilofutwa kabisa: mgandamizo ni mdogo, springi ya mkono wa waipa imechoka au fremu imepinda. Waipa inayorukaruka ikienda na kutulia ikirudi: mkono umejikunja, raba haisimami wima kwenye kioo, kwa hiyo haigeuki upande wa pili. Hapo ukibadilisha waipa mara kumi, itaruka mara kumi. Fundi anaunyoosha mkono kwa spana, taratibu.

Kati ya fremu na bapa: ya fremu ina viungo vingi, vumbi likiingia vinakaza na raba inagusa katikati tu. Bapa haina viungo, ila mkunjo wake usipoendana na kioo chako ncha zinanyanyuka. Kabla ya kulipa, iweke kwenye kioo uone kama inagusa kote. Pima ya zamani kwa tepu, upande wa dereva na wa abiria kila mmoja peke yake, kwa kuwa mara nyingi hazilingani. Kama fremu yako bado imara, waipa nyingi za Japani zinabadilishwa raba pekee. Ni nafuu mno, na wauzaji hawapendi kukwambia.

Ukishatoa waipa, weka taulo juu ya kioo. Mkono wa waipa ukiwa mtupu, ukijirudisha kwa springi unapasua kioo.

Kitonga_Express
Mimi dawa ya kuteleza maji naitetea, lakini kwa safari ndefu. Ikipakwa vizuri, kuanzia kama kilomita 60 kwa saa upepo unayasukuma matone juu na waipa inapumzika. Mjini kwenye foleni haina msaada, matone yanakaa tu na kumeta kwenye taa. Kasoro kubwa ni mtetemo: ikibaki nene au ikipakwa juu ya utando ule wa mafuta, waipa inakwama-kwama. Paka kwenye kioo kikavu, subiri kiwe na ukungu mweupe, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Mahali waipa inapopita ndipo inapoisha kwanza.

Fundi_Gereji
Sawa, ila isitangulie. Polishi, raba, halafu dawa kama chenji imebaki.

Baridi_Mbeya
Ukungu ni habari nyingine kabisa. Pitisha kidole ndani ya kioo. Kikifuta, ukungu uko ndani: washa AC pamoja na joto, elekeza kwenye kioo, na zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. AC inakausha hewa, joto linapasha kioo. Watu wanazima AC kwa sababu nje kuna baridi, hapo ndipo wanapokosea. Kapeti zilizolowa na filta ya AC iliyoziba (mara nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi) zinarudisha ukungu kila dakika.

Mama_Barabara
Na Dar ni kinyume. Hewa ya nje ni ya joto na unyevu, AC ya baridi kali ikipuliza kioo, ukungu unashika nje. Kidole hakitausaidia kitu. Piga waipa mara moja, ondoa upepo kwenye kioo, punguza ubaridi.

Msafiri_IST
Kidole kimeonyesha ndani, na filta nimekuta imejaa majani. Dawa ya kuzuia ukungu naiacha basi. Vipi mafuta ya taa au kiazi nje ya kioo?

Fundi_Gereji
Mafuta ya taa hapana, ndiyo utando uleule tunaouondoa. Kiazi kilichokatwa kinayafanya maji yatandae kwa muda, mvua kubwa inakiosha. Heri tangi la maji ya waipa lijae: maji ya mvua yaliyochujwa na matone machache ya sabuni, basi, ikizidi inatoa povu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaziba vitundu vya kurushia. Vikiziba, sindano ya kushonea inatosha, na ukiwa nayo mkononi elekeza maji yanayorushwa yapige sehemu ya juu ya kioo, maana gari likikimbia upepo unayashusha yakiwa bado hewani.