Ufunguzi wa filamu fupi ya mapenzi: kivukoni, ndani ya mwendokasi, au kibarazani Temeke?

BintiWaKamera

Habari za jioni wakuu. Nasomea filamu hapa Dar, niko mwaka wa pili. Kazi ya muhula huu ni kutengeneza ufunguzi wa filamu fupi, dakika 2 tu, jina la filamu na majina ya wahusika yakiwa humo humo. Kundi letu lina watu 5 na tumechagua mapenzi. Tuna kamera moja ya kuazima yenye lensi ya mm 50, maiki moja ya kubana shatini, simu zetu, na laki moja na nusu ya nauli na chakula. Kushuti tumepewa Jumamosi mbili.

Hadithi ni hii: Zawadi anakaa Temeke na mama yake. Barua ya posa imeshaletwa na wazee wameipokea. Moyo wake uko kwa Idrisa, kijana wa mtaani ambaye mahari hana na mshenga wa kumtuma hana.

Wazo la kwanza, wanaonana kwenye kivuko cha Kigamboni jioni, katikati ya watu, jua likizama baharini. La pili, ndani ya mwendokasi saa ya kutoka kazini, mikono yao imeshika bomba moja. La tatu, nyumbani kwao Zawadi, kanga ziko kambani, mama anapika, Idrisa anapita nje. La tatu liliingia kwa sababu ni rahisi, si kwa sababu tunalipenda. Mimi roho yangu iko kivukoni. Naombeni mnilinganishie kwa uzoefu wenu kabla hatujaandika skripti ya mwisho.

MkaziWaKigamboni

Binti, nimezaliwa ng'ambo ya pili, kivuko nakipanda karibu kila siku. Nianze na jua. Bahari yetu iko mashariki. Ukisimama Coco Beach au Feri ukingoje jua lizame majini, utangoja mpaka usiku uingie, maana linazama nyuma yako, upande wa mjini. Baharini linachomoza. Kama unataka machweo na maji kwa pamoja, vukeni mpaka Kigamboni mgeukie mjini. Hapo jua linashuka nyuma ya maghorofa ya Posta na maji yote yanakuwa rangi ya shaba. Hakuna picha nzuri kama hiyo Dar nzima, nakwambia kwa mapenzi ya kwetu.

Ila muda ni mdogo. Juni jua linazama kama saa 12 na robo jioni, mwishoni mwa Januari linakaribia saa 12 na dakika 50. Likishazama una kama dakika 20 za mwanga, basi, giza. Kivuko chenyewe kinavuka kwa dakika chache, na mlango ukishuka watu wanatoka mbio. Kwa jioni moja mtapata safari mbili, tatu mkibahatika.

Halafu maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inapita mita 3. Ukishuti ukingoni Jumamosi hii maji yamejaa, ukarudi Jumamosi ijayo saa ile ile, yatakuwa yamepwa na mchanga uko wazi. Ukiunganisha picha hizo mbili mtazamaji atajua ni siku tofauti.

FundiMaiki

Naunga mkono hapo juu, ila mimi nazungumzia sauti, ndiyo kazi yangu.

Kivukoni kuna injini chini ya miguu, honi, wachuuzi, na upepo. Ukishuti Juni mpaka Septemba kusi linavuma, na maiki ya kubana shatini bila manyoya itakupa mngurumo mtupu. Maneno ya Zawadi na Idrisa itabidi myarekodi upya chumbani na kuyalinganisha na midomo. Kwa wanafunzi hiyo ni wiki nzima, na mara nyingi inasikika kabisa kuwa ni ya chumbani.

Mwendokasi sikushauri. Watu wanabanana, hakuna pa kusimama na kamera, na abiria hawajakubali kupigwa picha. Sina zaidi.

Vibali pia. Kivuko kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, kwa hiyo andikeni barua mapema kupitia chuo, na muulize Bodi ya Filamu utaratibu kwa wanafunzi. Pale Magogoni Ikulu iko jirani, kwa hiyo msiende na stendi na kamera kubwa bila karatasi mkononi. Mimi niliwahi kushuti sehemu moja mjini bila kibali, sitaitaja. Tulifutishwa kazi ya siku nzima mbele ya macho yetu, na yule dada aliyekuwa mwigizaji wetu mkuu alikuwa amesafiri kutoka Morogoro kwa ajili ya siku ile. Mpaka leo inaniuma kwa ajili yake.

MhaririWaUsiku

Nimehariri filamu fupi nyingi za vijana, nyingi za mapenzi. Karibu zote zinaanza hivi: msichana anatembea, mvulana anatembea, wanagongana, vitabu vinaanguka, macho yanakutana, muziki. Nikiuliza kwa nini nimsubiri Zawadi kwa dakika 10 zinazofuata, jibu halipo. Wamependana, sasa?

Mapenzi kwenye filamu yanaanza pale panapokuwa na kitu kinachowazuia. Nyie kizuizi mnacho tayari, na ni kizito: barua ya posa imepokelewa. Lakini kwenye mawazo yote matatu barua hiyo haionekani. Kwa hiyo msianze kulinganisha mahali. Tafuteni kwanza ni kitu gani cha kushikika kitakachobeba ile posa ndani ya dakika 2, bila mtu kusema "mimi nimeposwa". Kitu hicho ndicho kitakachowaambia mshutie wapi.

KijanaWaKinondoni

Mimi natofautiana kidogo na wakubwa. Watu wanaangalia kwenye simu. Ukianza na mama anapika na kanga kambani, sekunde ya 5 mtu ameshapita. Kivuko kina ukubwa, kina mwendo, mtu wa mkoani anaiona Dar. Hata kama sauti ni mbovu, weka muziki.

FundiMaiki

Muziki wa nani, mdogo wangu? Wimbo wa msanii ni mali yake, hata kama kazi ni ya darasani. Siku mkitaka kuipeleka tamasha lolote, swali la kwanza litakuwa hilo. Bora sauti mliyorekodi wenyewe.

BintiWaKamera

Asanteni sana. Kaka MkaziWaKigamboni, lile la jua sikuwahi kuliwaza na nimekaa Dar maisha yangu yote. Leo alfajiri nilikwenda Feri nikasimama tu. Jua lilitoka kule kule ulikosema.

Mhariri, swali lako limetuvuruga, na tumekaa nalo mpaka saa 5 usiku. Tulifikiria bahasha ya posa. Tulifikiria pete. Zote zinaonekana za kwenye tamthilia za televisheni, si za nyumbani kwetu. Sijaridhika bado. Na bado nakitaka kivuko, nisiwadanganye.

MamaDoti

Salaam wanangu. Mimi si mtu wa filamu, nauza kanga Mtaa wa Uhuru, mwaka wa 22 huu. Binti yangu amenisomea mazungumzo yenu nikasema niandike.

Mnatafuta kitu cha posa na mmeshakitaja wenyewe mkakipita. Kanga. Upande wa mwanamume ukija kwa heshima, kuna doti ndani ya vile vitu. Na doti haiji imekatwa. Inatoka dukani pande mbili zimeungana, jina limeandikwa huku na huku. Mpaka ipelekwe kwa fundi, aikate katikati, apinde ncha, ndipo ivaliwe.

Sasa mfanyeni huyo Idrisa awe fundi cherehani wa kibarazani. Mama yake Zawadi amtume binti: peleka doti hii ikapindwe. Mimi nimeshaona uso wa fundi kijana akipokea doti ya namna hiyo kutoka kwa mtu anayemjua. Hakusema kitu. Aliitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja mara mbili, akaisoma jina. Mkasi aliushika lakini haukuanza kukata mara moja. Halafu ukaingia, na kanga ikikatwa inatoa mlio wake, kama mtu anayevuta pumzi ndefu.

MhaririWaUsiku

Mama, shikamoo. Hapo umemaliza kazi. Yaani kijana anakata kwa mikono yake zawadi ya mwanamume mwingine, na analipwa kwa kufanya hivyo.

MamaDoti

Marahaba baba. Jina la kanga nalo lichaguliwe vizuri. Kuna la zamani ambalo bado linauzwa: *Japo sipati tamaa sikati*. Mposaji ameitoa akijisemea yeye. Idrisa akiisoma, inamsema yeye. Maneno ni yale yale.

BintiWaKamera

Mama shikamoo, na asante. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye daladala nikalia, sioni aibu kusema. Marehemu bibi yangu alikuwa na kanga yenye jina hilo.

Wenzangu wote wamekubali. Kivuko nimekiachia, na safari hii kimenitoka moyoni kweli.

FundiMaiki

Basi nisaidie hapo. Cherehani cha kukanyaga kina mdundo wake: taratibu, haraka, kinasimama. Huo ndio muziki wenu. Rekodini peke yake kabla ya kushuti, maiki iwe kama sentimita 30 kutoka kwenye sindano, mwigizaji akanyage kwa dakika 3 mfululizo bila mtu kuongea. Mkasi nao peke yake, mara 5 au 6, lakini tumieni kitambaa kingine cha pamba, si ile doti. Kisha dakika moja ya kimya cha kibaraza, watoto wa mbali, jogoo, redio ya jirani ikiwa imezimwa. Hiyo dakika ya kimya mtaishukuru kwenye kuhariri.

Kibarazani pakiwa na taa ya tyubu, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, mkiweka vingine taa itamemeteka kwenye picha.

KijanaWaKinondoni

Nimebadili msimamo. Mkasi kwenye kanga nitauangalia hata kwenye simu. Ila anzeni nao hapo hapo, msianze na mtaa.

MhaririWaUsiku

Sahihi. Picha ya kwanza iwe jina la kanga. Maneno yake yamepangwa kwa mstari mrefu, yanajaa upana wa skrini yenyewe, na lensi yenu ya mm 50 inatosha. Kiganja kipite juu yake. Sauti ya mama ije kutoka nje ya picha, au Zawadi amnukuu: "Mama amesema ni ya wakwe, uipinde vizuri." Sentensi moja, na posa nzima imeingia. Nyuso zije baadaye, baada ya sekunde 30 au 40, wakati tunazitamani.

Jambo la kuangalia sana ni mwendelezo. Doti ikishakatwa imekatwa. Mna teki moja, au mnunue doti 2. Shutini kwanza kila kitu kinachotangulia mkasi, klozapu zote, nyuso zote, ndipo mkate mwishoni kabisa mwa siku. Msikubali mtu aseme "tukate kwanza tuone itakavyokuwa".

Na mwisho wa dakika 2: Zawadi achukue upande mmoja tu. Ule mwingine aubakishe juu ya cherehani, aseme ataufuata kesho. Tuachwe na kile kipande.

BintiWaKamera

Tulitaka kuiita *Pisi ya Pili*, lakini wawili kati yetu wanasema kila kijana atafikiria pisi kali za mtaani na maana itapotea.

MamaDoti

Sisi wa zamani hatusemi pisi. Kanga ina pande mbili. Huu upande wangu, ule upande wako.

MkaziWaKigamboni

*Upande wa Pili*. Sisi wa Kigamboni tunaitwa hivyo hivyo na watu wa mjini. Binti, siku mkimaliza filamu nzima, Zawadi akiamua kwenda, mleteni avuke akiwa amejitanda huo upande mmoja. Nitawaonyesha pa kusimama na saa ya kufika, barua ya kibali mkiwa nayo.

BintiWaKamera

Kaka, tumeandika hilo ukurasa wa mwisho wa skripti.

Mpango ulivyo sasa: Jumamosi ya kwanza hatushuti. Tunakwenda kwa fundi mmoja wa Temeke, mzee mwenye cherehani cha kukanyaga, amekubali kumfundisha mwigizaji wetu kushika mkasi na kukanyaga bila kuangalia miguu. Siku hiyo hiyo tunarekodi sauti. Mjumbe na serikali ya mtaa tumeshawaona, majirani watajulishwa Alhamisi. Jumamosi ya pili tunaanza saa 1 asubuhi, kibaraza kinatazama mashariki, kwa hiyo jua litamwingia Idrisa usoni mpaka kama saa 4. Tunakata saa 3 na nusu. Doti 2, moja ya akiba.

Mama, tunaweza kuzipata kwako zenye jina lile lile, rangi ile ile?

MamaDoti

Nimebakiwa na doti 3 za nyekundu na nyeusi. Nimezitoa rafuni nimeziweka chini ya meza, nisije nikaziuza. Njooni Jumatano kabla ya adhuhuri, na huyo atakayekuwa Idrisa aje naye, azishike.